Moja, Mbili

Mimi ndiye yule mwenye shati la milia
mliyekuwa mkimwita kipofu, Jumamosi baada ya Jumamosi,
bibi wa kiti cha mbele akinirushia bisi pamoja na mfuko.
Sikuwa kipofu. Nililipwa nisione.

Harlan Tidmore nilimwona vizuri.
Nyundo, walimwita, toka Memphis hadi mashamba ya pamba ya Kennett.
Uso wake uliuza soseji,
na televisheni ya asubuhi ilimfanya ndugu wa kila nyumba.
Alikuwa na ujanja mmoja, nao ulimtosha:
abwagwe, alale, mabega yote mawili chini,
nipige turubai moja, nipige mbili,
halafu, kiganja changu kikiwa hewani, bega linyanyuke,
na ukumbi uvume kama mabati chini ya mvua ya mawe.
Miaka ishirini na mitatu. Bega lile lile, la kushoto.

Wendell alizaliwa jina lake limeshachapwa kwenye mabango.
Nyundo Mdogo. Futi tano na inchi nane,
miguu ya mama yake, sauti ya karani wa benki.
Watu walisema maji hufuata mkondo;
wakaja, wakatazama, wakasema mkondo umekauka.
"Baba yako angeshammaliza huyu!"
naye anatema damu kwenye taulo, kistaarabu,
kama mtu anayetema mbegu za tikiti mbele ya wakwe.
Wakati wa mapumziko aliuza picha za baba mezani,
dola tatu moja. Ya kwake ulipewa bure.

Sasa niseme la Blytheville.
Pambano la kuaga, baba na mwana,
katika ghala la mnada wa ng'ombe, harufu yao ingalipo.
Yalishapangwa jikoni, juu ya kahawa na mkate wa mahindi:
mzee atalala, kijana ataondoka na mkanda.
Nilikuwepo. Nilimsikia mzee akisema sawa.
Dakika ya kumi na nne Wendell alimbwaga,
akamtangulizia mkono chini ya kisogo kisiumie.
Nani aliuona mkono ule ila mimi?
Nikapiga moja.
Nikapiga mbili.
Bega la kushoto likanyanyuka.

Sijui kama ni kiburi.
Labda bega halikuwa limefunzwa jambo jingine.
Ghala zima lililia kwa furaha, na Wendell akanitazama
kama mtu anayefungua barua aliyojua itakuja.
Mzee alimsukuma kidogo tu; yeye akaanguka anguko kubwa,
la heshima, la kuonekana hadi viti vya nyuma,
akaninong'oneza, "Hesabu, mjomba."
Nikahesabu. Mkono wangu haukutaka.
Kutangulia si kufika, walisema wahenga;
hawakusema lolote juu ya atanguliaye akafunga mlango.

Mzee tulimzika Machi, mkanda kifuani.

Juzi, ukumbi wa shule, Paragould. Watu sitini na mmoja,
niliwahesabu, sina kazi nyingine.
Wendell ana miaka hamsini na goti la chuma.
Mpinzani wake Demarius Pugh, kijana wa kiwanda cha kuku,
pambano la tatu maishani, kamba za viatu zinatetemeka.
Usiku kucha nilimsikia Wendell akimfundisha kwa sikio:
pumua. Sasa nishike. Si hapo, juu. Vizuri.
Akamfanya kijana aonekane dubu.
Kisha akalala.

Moja. Mbili.
Nilichelewesha ya tatu, Mungu anisamehe, nilichelewesha,
nikimpa nafasi.
Mabega yalitulia kama mawe ya msingi.
Tatu.

Kutoka nyuma mlevi mmoja akapaza sauti:
"Baba yako angenyanyuka!"
Wendell alikuwa bado chali, macho yamefumbwa.
"Kweli," aliniambia chinichini. "Angenyanyuka."
Kisha akaniuliza kama nimekula.